Seva iligoma Jumatatu, maktaba zake zilifutwa wiki tatu kabla

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nilipigiwa simu na kijana anayeshughulikia TEHAMA katika chama kimoja cha akiba na mikopo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Hali si nzuri kaka. Umeme ulikatika alfajiri, umerudi, mashine imewaka yenyewe, ila Apache imegoma kabisa. Na wanachama wameshaanza kupanga foleni."

Apache ndiyo programu inayotoa kurasa za mfumo wao kwa vivinjari. Nikamwuliza kama kuna kitu chochote alichobadilisha siku mbili tatu zilizopita. Akasema hakuna, na alikuwa anasema kweli. Jibu hilo ndilo lililofanya kisa hiki kinistahilie kuandikwa. Kilichoiangusha seva kilikuwa kimefanyika wiki tatu nyuma, mchana kweupe, kwa amri halali, na siku hiyo hakuna kilichoharibika mbele ya macho ya mtu.

Kwanza mashine yenyewe. Ni kompyuta moja yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, aina ya Linux, toleo la 22.04, iliyopandishwa toleo kutoka 20.04. Mfumo wa chama umeandikwa kwa lugha ya PHP na unafunguliwa kwa kivinjari na makarani wa dirishani. Apache yake haikutoka kwenye vifurushi vya Ubuntu. Fundi aliyekuwapo zamani aliikompaili mwenyewe, yaani aliijenga kutoka kwenye msimbo wa chanzo, ikakaa ndani ya /usr/local/apache2, na PHP 7.4 nayo akaikompaili kama moduli, yaani kipande cha nyongeza, ya Apache hiyo. Wakati ule alikuwa na sababu zake nzuri. Alipoondoka aliacha seva inayofanya kazi vizuri, bila karatasi hata moja inayoeleza aliijenga juu ya nini.

Nilipoingia kwenye mashine kutoka mbali kwa ssh nilikuta systemctl, amri ya kusimamia huduma, inasema huduma imeshindwa kuanza, status=1/FAILURE, basi. Hilo halikunisaidia. Katika hali kama hii napenda kuiita programu yenyewe, ambayo kwa Apache faili lake huitwa httpd, kwa mkono iniambie inaumwa wapi:

```
# /usr/local/apache2/bin/httpd -t
httpd: Syntax error on line 138 of /usr/local/apache2/conf/httpd.conf:
Cannot load modules/mod_ssl.so into server: libssl.so.1.1:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Ujumbe huu husomwa vizuri zaidi kuanzia mwisho. Mwanzo wake unapotosha. Unataja kosa la kisarufi kwenye mstari wa 138, na kijana alikuwa ameshapoteza dakika arobaini akiukagua mstari huo herufi kwa herufi. Mstari ni mzima. Ni LoadModule ya kawaida tu. Apache hupakia moduli huku ikisoma faili lake la usanidi, kwa hiyo moduli ikikataa kupakiwa, Apache huandika kwamba mstari ulioitaja una kosa. Ukisoma kutoka mwisho unapata mambo matatu kwa mpangilio: faili halipo, jina lake ni libssl.so.1.1, aliyeliomba ni mod_ssl.so, moduli ya Apache inayoshughulikia HTTPS. Huyo aliyeomba ndiye wa kumshika, maana ndiye anayekwambia uende ukachunguze wapi.

Kijana alikuwa ameshajaribu mambo mawili kabla ya kunipigia. Nayaeleza kwa sababu karibu kila mtu huanzia hapo. Jaribio la kwanza lilikuwa kuweka alama ya reli mbele ya mstari wa mod_ssl ili usisomwe. Apache ikahama kosa: sasa ikalalamika kwamba haiijui amri ya SSLEngine iliyopo kwenye faili la tovuti. Ni haki yake, maana amri hiyo inaletwa na moduli aliyoizima. Jaribio la pili lilikuwa hatari zaidi. Aliona kwenye mashine kuna libssl.so.3, akatengeneza simlinki, yaani jina jipya linaloelekeza kwenye faili lililopo, akaliita libssl.so.1.1. Akafanya vivyo hivyo kwa libcrypto. Jibu likawa hili:

```
libssl.so.1.1: version `OPENSSL_1_1_0' not found
(required by /usr/local/apache2/modules/mod_ssl.so)
```

Tumshukuru aliyebuni ukaguzi huo. Libssl na libcrypto ni maktaba za usimbaji za mradi wa OpenSSL, na maktaba hapa ni faili la msimbo ulio tayari ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. OpenSSL 3.0, iliyotolewa Septemba 2021, haikubadilisha jina la faili kwa urembo. Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ni ahadi: programu iliyojengwa kwa 1.1 imeahidiwa kukuta kazi fulani zenye umbo fulani, na 3 haitoi ahadi hiyo. Ndani ya maktaba kuna mihuri ya matoleo, na mod_ssl iliomba muhuri wa OPENSSL_1_1_0 ukakosekana. Maktaba isiyo na mihuri ya namna hiyo ingekubali kupakiwa kwa jina la uongo, kisha ingekuja kuanguka katikati ya malipo ya mtu. Nilimwomba azifute simlinki zote mbili kabla hatujagusa kitu kingine, na akazifuta.

Inabidi nieleze kidogo jinsi faili hili linavyotafutwa, kwa sababu bila hapo hatua zinazofuata zitaonekana kama uganga. Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu tumboni. Ndani ya faili la programu, au la moduli, kuna orodha ya maktaba inazozihitaji, na programu ndogo iitwayo ld.so ndiyo inayopewa kazi ya kuzikusanya. Orodha hiyo inaonekana hivi:

```
# readelf -d modules/mod_ssl.so | grep -E 'NEEDED|RUNPATH'
 (NEEDED)   Shared library: [libssl.so.1.1]
 (NEEDED)   Shared library: [libcrypto.so.1.1]
 ...
```

Akishaipata orodha, ld.so hupita mahali kadhaa kwa zamu. Huanza na saraka zilizotajwa kwenye LD_LIBRARY_PATH, ambayo ni kigeu cha mazingira ya programu, kisha RUNPATH iliyoandikwa ndani ya faili lenyewe, kisha daftari la /etc/ld.so.cache ambalo hutengenezwa na amri ya ldconfig, na mwisho /lib na /usr/lib. Kuna RPATH ya zamani ambayo hutangulia zote, ila husomwa pale tu ambapo RUNPATH haipo. Akizunguka kote asipate, husimama na kuandika sentensi tuliyoiona. Akilikuta faili lakini akanyimwa ruhusa ya kulisoma, sentensi huishia na Permission denied, na hapo unahamia kwenye ruhusa za faili au, kwa walio na mashine za Red Hat na jamaa zake, lebo za ulinzi za SELinux. Kwetu ilikuwa No such file. Faili halikuwepo, wala hapakuwa na haja ya kutafuta maana nyingine.

Wengi hukimbilia kuikagua httpd yenyewe kwa ldd, amri inayoonyesha maktaba zinazohitajika na kama zimepatikana, na kijana wangu alikuwa ameifanya hiyo pia. Majibu yalikuja safi, kila maktaba ipo. Ndipo alipochanganyikiwa. Lakini httpd haimjui libssl kabisa. Anayemjua ni mod_ssl, na mod_ssl huletwa baada ya httpd kuwaka, kwa ombi la httpd yenyewe. Ingekuwa httpd ndiyo iliyokosa maktaba, ungeona hitilafu ya namna nyingine: ld.so angeikataa kabla haijasoma hata mstari mmoja wa usanidi, na namba ambayo programu huiacha inapokoma ingekuwa 127 badala ya 1. Tofauti ya 127 na 1 imeniokolea saa nyingi maishani. Basi, ldd iende kwenye moduli zote:

```
# cd /usr/local/apache2/modules
# for m in *.so; do ldd $m | grep -q 'not found' && echo "== $m" && ldd $m | grep 'not found'; done
== libphp7.so
	libicuio.so.66 => not found
	libicui18n.so.66 => not found
	libicuuc.so.66 => not found
	...
== mod_ssl.so
	libssl.so.1.1 => not found
	libcrypto.so.1.1 => not found
```

Kumbe msiba ni mkubwa kuliko ulivyotangazwa. Apache husimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo tungeshughulika na SSL, tukafurahi, kisha tukapigwa na PHP. Kitanzi hiki cha mstari mmoja kilituonyesha yote kwa mkupuo. Angalizo moja: ldd huweza kuendesha sehemu ya faili unalolikagua, kwa hiyo usiitumie kwa faili ulilolitoa usikokujua, objdump -p inatosha kwa hayo.

ICU ni maktaba ya lugha na herufi, PHP huitumia kwenye nyongeza ya intl. Ubuntu 20.04 ilikuja na ICU 66, 22.04 ina ICU 70. Kijana akaniuliza kama huku nako simlinki haitafaa. Nikamwonyesha:

```
# nm -D libphp7.so | grep _66
                 U u_errorName_66
                 ...
```

ICU huambatisha namba ya toleo kwenye jina la kila kazi iliyomo ndani yake. Hata ukiidanganya ld.so kwa jina la faili, PHP itaingia ndani na kuuliza u_errorName_66, na ICU 70 inayo u_errorName_70 tu. Hiyo njia imefungwa.

Hapo nikasimama. Mafaili yote yaliyokosekana yalikuwa ya Ubuntu 20.04, na mashine ilikuwa imeshapandishwa kwenda 22.04 miezi mingi kabla, ikawashwa na kuzimwa mara kadhaa bila tatizo. Kwa hiyo maktaba za zamani zilivuka salama wakati wa kupandisha toleo, kisha mtu akaziondoa baadaye. Aliyeziondoa ameandikwa. Apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kuondoa vifurushi, huandika kila tendo lake:

```
# zgrep -B3 -A2 'libssl1.1' /var/log/apt/history.log*
Commandline: apt purge ~o
Purge: ... libicu66:amd64 ... libssl1.1:amd64 ...
```

Tarehe: wiki tatu nyuma. Nilipomtajia kijana, akakumbuka mara moja. Diski ilikuwa inajaa, akatafuta njia ya kupata nafasi, akaambiwa na maelezo fulani aondoe vifurushi vilivyochakaa. Alama ya ~o kwa apt ina maana ya vifurushi ambavyo havipo tena kwenye hazina yoyote iliyosajiliwa. Kwa mashine ambayo kila kitu chake kinatoka apt, huo ni usafi mzuri. Apt ikakagua daftari lake: je, kuna kifurushi kinachotegemea libssl1.1? Hakuna. libicu66? Hakuna. Ikafuta. Apache iliyokompailiwa kwa mkono haimo kwenye daftari hilo, na apt haina namna ya kuijua. Simlaumu kijana. Ningekuwa nimekabidhiwa mashine ile bila maelezo, huenda ningetumia amri ileile.

Sasa, kwa nini seva haikuanguka siku ileile? Kwenye Linux, kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye saraka. Data yenyewe hubaki kwenye diski maadamu kuna mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, ulioishikilia. Apache ilikuwa imeshazipakia maktaba zake, ikaendelea kuzitumia wiki tatu nzima zikiwa hazina jina popote. Siku zile, mtu angeandika

```
grep '(deleted)' /proc/*/maps
```

angeona libssl.so.1.1 na libicuuc.so.66 zikiwa na neno deleted pembeni. Zilikuwa hai ndani ya kumbukumbu ya Apache tu. Umeme ulipokatika, mshikaji wa mwisho akaachia, na hapo ndipo zilipopotea kweli.

Na kulikuwa na dalili. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Nilipopita kwenye saraka ya logi niliona access_log ina ukubwa wa sifuri, na access_log.1 ni nene kupindukia, maandishi yake ya mwisho ni ya alfajiri ya Jumatatu ileile umeme ulipokatika. Logrotate hubadilisha majina ya logi kila wiki, kisha huiambia Apache kwa apachectl graceful ifungue faili jipya. Lakini graceful husoma usanidi kwanza, na usanidi ukikataa, haimtumii Apache anayeendelea kufanya kazi ishara yoyote. Wiki ya kwanza baada ya kufuta, logrotate ikabadilisha jina, graceful ikakataa kwa sentensi ileile ya mstari wa 138, na Apache ikaendelea kuandika kwenye faili lililokwisha kuitwa access_log.1. Kwenye journal, daftari la ujumbe wa huduma linalosomwa kwa amri ya journalctl, sentensi hiyo ya logrotate ipo, ina tarehe na saa. Mashine ilipiga kelele, lakini kelele ikaishia ndani ya journal ambayo hakuna aliyepangiwa kuisoma.

Rudi kwenye foleni ya wanachama. Saa mbili na robo. Kukompaili Apache na PHP upya asubuhi ile kusingefaa: PHP 7.4 haikuandaliwa kwa OpenSSL 3, ni PHP 8.1 ndiyo iliyoanza kuikubali, na programu ya chama haikuwa imejaribiwa kwenye 8.1. Tulihitaji maktaba za zamani zirudi, kwa muda, mahali ambapo hazitamgusa mtu mwingine.

Tulipakua vifurushi vya libssl1.1 na libicu66 vya 20.04 kutoka hazina rasmi ya Ubuntu, tukalinganisha hesabu zake za SHA256 na zile zilizochapishwa kwenye orodha ya hazina. Nasisitiza hili. Ukitafuta jina la maktaba iliyokosekana utakutana na tovuti zinazokupa faili moja tupu la .so ulidondoshe kwenye /usr/lib. Libcrypto ndiyo inayoshika funguo za siri za tovuti yako. Usiipokee kwa mtu usiyemjua.

Hatukuvisakinisha. Tulivifungua tu kwenye saraka ya pembeni:

```
# mkdir /opt/lib-focal
# dpkg-deb -x libssl1.1_*.deb /opt/lib-focal
# dpkg-deb -x libicu66_*.deb /opt/lib-focal
# export LD_LIBRARY_PATH=/opt/lib-focal/usr/lib/x86_64-linux-gnu
# /usr/local/apache2/bin/httpd -t
Syntax OK
```

Kijana akashangilia, akaandika systemctl start, ikakataa tena kwa kosa lilelile. Mazingira ya terminali yako ni yako. Systemd, ambayo systemctl ni amri yake, huanzisha huduma kwa mazingira yake na haisomi kitu ulichokiexport dirishani kwako. Wengine wakifika hapa huiandika LD_LIBRARY_PATH ndani ya /etc/environment, na kuanzia hapo kila programu ya mtu anayeingia kwenye mashine, curl, git, ssh, hutafuta maktaba za zamani kwanza. Ni kama kumwekea mgonjwa mmoja dawa kwenye kisima cha kijiji.

Apache iliyojengwa kutoka chanzo ina mahali pake maalumu. Kwenye /usr/local/apache2/bin kuna faili liitwalo envvars, apachectl hulisoma kila inapoitwa, na tayari lina mstari wa LD_LIBRARY_PATH. Huduma ya systemd pale ilikuwa inaita apachectl, kwa hiyo tuliongeza saraka yetu kwenye mstari huo na hatukugusa kitu kingine chochote. Systemctl start. Ikawaka. Saa tatu kasoro dakika kumi karani wa dirisha la kwanza alifungua ukurasa wake.

Kijana akauliza kwa nini tusiiache hivyo milele, maana inafanya kazi. Swali zuri, na jibu lake lina historia. Mwezi Aprili 2014 lilipotangazwa pengo la usalama la Heartbleed ndani ya OpenSSL, mashine zilizotumia maktaba ya pamoja zilitibiwa kwa kusasisha kifurushi kimoja na kuanzisha huduma upya. Programu zilizobeba nakala yake tumboni zilibidi zijengwe upya moja moja. Faida ya kushirikiana maktaba ni hiyo, na faida hiyo tulikuwa tumeitupa: faili lililokaa /opt/lib-focal halipati sasisho la apt, na OpenSSL 1.1.1 yenyewe waundaji wake waliacha kuihudumia kwa umma tarehe 11 Septemba 2023. PHP 7.4 iliachwa tangu Novemba 2022.

Kuna jambo jingine nililoliona kwenye /proc/*/maps, orodha ya mafaili yaliyopakiwa na mchakato, baada ya seva kuwaka, likaninyima raha. PHP ile hutumia libcurl ya mfumo, maktaba ya kuwasiliana na seva nyingine, na libcurl ya 22.04 imejengwa kwa OpenSSL 3. Kwa hiyo ndani ya mchakato mmoja wa Apache kulikuwa na libssl.so.1.1 na libssl.so.3 kwa pamoja. Mihuri ya matoleo huzitenganisha zisigombane, na kwa kawaida hupita salama, lakini mfumo unaoshika akiba za watu sitaki usimame juu ya neno kwa kawaida.

Kazi ya kuhama ilichukua wiki mbili na nusu. Tuliwasha mashine ya pili, tukasakinisha apache2 na PHP 8.1 kutoka kwenye vifurushi vya Ubuntu wenyewe, tukahamisha programu ya chama na nakala ya data ya majaribio. Yaliyovunjika yalikuwa ndani ya PHP, hasa sehemu zilizopitisha null mahali panapotaka maandishi na maonyo yaliyojaza logi, na hayo ni kisa kingine. Kwa upande wa maktaba hapakuwa na la kufanya. Apache ile imo kwenye daftari la apt, na anayetaka kuiondolea libssl ataambiwa kwanza kwamba apache2 nayo itaondoka.

Kwa wiki zile mbili na nusu tulizosubiri, tuliweka kazi ya cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha, inayoendesha apachectl configtest kila usiku na kumtumia kijana ujumbe ikikataa. Ilipita kila siku.

Siku ya kuhamia tulichagua Jumamosi mchana, ofisi imefungwa. Kabla ya kumkabidhi nilimwomba azime mashine mpya kabisa kwa makusudi, achomoe waya, ahesabu hadi thelathini, aurudishe. Ilipowaka hakugusa kibodi. Alitoa simu yake, akafungua ukurasa wa makarani, ukafunguka. Akaichomoa mara ya pili ili ajiridhishe mwenyewe.